Tahadhari kwa wanunuzi wa sufuria za kusubu mjini Lubumbashi

Ndugu wakaaji wa Lubumbashi, hasa akina mama mnaonunua vyombo soko la mtaa wetu wa Kenya na kule Katuba, kuna muuzaji anayezungusha sufuria nzito za kusubu akidai ni alumini tupu kutoka Zambia. Mnunuzi akisitasita, hutoa sumaku mfukoni, huigusisha kwenye sufuria, na kwa kuwa hainati, hutangaza kwamba chombo hakina mchanganyiko wowote. Jaribio hilo halithibitishi lolote, kwa sababu sumaku hainati kwenye risasi, ile plombu ya betri za magari, kama isivyonata kwenye alumini.

Sufuria hizo husubiwa hapa hapa mjini, katika uwanja wa nyumba, na nimeona kwa macho yangu sahani za betri zilizopasuliwa zikitupwa tanurini pamoja na vyombo vibovu. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, alumini kwa 660, hivyo moto unaotosha alumini huimeza risasi bila shida.

Ukipikia nyanya au chochote chenye ndimu, uchachu huivuta risasi kutoka kwenye chombo hadi kwenye mchuzi, nawe huioni wala huisikii harufu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kile kile alichokula. Risasi hujificha mifupani kwa miaka mingi, na mama akibeba mimba hutoka humo ikamfikia mtoto tumboni. Mara nyingi mtoto haonekani mgonjwa: hatulii, hasira zake ziko karibu, masomo yanamshinda, nasi tunamchapa kwa utundu. Watu wazima hupandwa na shinikizo la damu na kuharibika figo.

Nilipomkabili, muuzaji alishauri sufuria isuguliwe kwa mchanga na majivu. Ushauri huo ni mbaya kuliko kunyamaza, maana kusugua huondoa utando wa juu na kufunua metali mpya.

Aliyekwisha kununua asiipikie tena, wala asiwauzie wakusanya vyuma chakavu, kwani itarudi tanurini. Wenye watoto wadogo na wajawazito wamwombe daktari kipimo cha risasi katika damu, wasingoje dalili.