Somo la Takwimu nililosoma mtandaoni limekataliwa Kisumu: uzoefu wangu wa kuhamisha krediti

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kama umesoma masomo ya chuo kikuu kwa mtandao na unataka kuhamia chuo kingine na krediti zako, yaani masomo uliyokwisha kufaulu yahesabiwe huko, kiepuke chuo kimoja chenye kituo pale Kisumu mjini. Angalau kwa sasa. Jina silitaji, lakini wanaosoma pale watajua ni dirisha gani ninalolizungumzia.

Mimi ni karani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi huku Luanda, kwenye barabara ya kwenda Busia. Digrii ya biashara niliianzia chuo kingine. Masomo yote yalikuwa mtandaoni isipokuwa mtihani wa mwisho wa muhula, huo ulifanyiwa Nairobi. Sasa wewe fikiria una kazi, una watoto, halafu kila muhula unapanda basi la usiku, unafika Nairobi alfajiri hujalala, unanawa uso na kuingia moja kwa moja kwenye chumba cha mtihani. Nilivumilia kwa muda, nikasema hapana, nitafute chuo chenye kituo cha mtihani karibu. Hawa wa Kisumu walikuwa wametangaza wenyewe kwamba ukija na krediti zako utaendelea pale ulipofikia. Ahadi ni deni. Nikaomba, nikapata barua ya kukubaliwa, nikalipa ada ya kukaguliwa masomo, nikaenda.

Dirishani nilimkuta jamaa mmoja wa rika langu hivi. Salamu yangu hakuijibu. Akachukua transkripti, ile karatasi ya masomo na alama zangu, akaanza kushuka nayo somo baada ya somo, anaweka alama ya vema, anaweka alama ya vema, mpaka akafika kwenye Takwimu za Biashara. Akaniuliza, "Hii uliisomea wapi?" Nikamwambia ni chuo kile kile kilichoandikwa juu ya karatasi, kwa mtandao kama hayo mengine yote. Ndipo akainua macho.

"Mama, Takwimu haisomwi kwa simu."

Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya vijana na wengine wakacheka. Jamaa akavuta droo, akatoa rula, akailaza juu ya fomu yangu na kuchora mstari mwekundu ulionyooka juu ya jina la somo lile. Kwa rula, jamani. Hakuwa na haraka hata kidogo. Niliutazama ule wino mwekundu ukipita juu ya B yangu na damu ikanichemka.

Nikamwambia, "Ndugu yangu, naomba unieleze sababu." Akasema maudhui hayalingani. Nami nilikuwa nimebeba muhtasari wa somo kutoka chuo cha kwanza, kila ukurasa una muhuri, na muhtasari wao wenyewe nilikuwa nimeuchapisha saiba. Nikaviweka pale kwenye kaunta sambamba. Wastani, huku upo na huku upo. Mkengeuko, yaani tarakimu zinavyotawanyika mbali na wastani, upo pande zote mbili. Uwezekano, sampuli, uhusiano wa vigezo viwili, makisio, vyote vipo. Hata kitabu cha kiada kilichopendekezwa ni kile kile, mwandishi yule yule. Hakuvitazama. Aliirudisha karatasi yangu kwa ncha ya kalamu, akasema nikamwone mkuu wa idara Jumatatu, akaita mtu anayefuata.

Nataka niwaeleze somo hilo lilivyokuwa, kwa sababu ndilo linaloniuma. Mengine walinikubalia, na kusema kweli mengine yale wangeyakataa nisingeandika haya. Nadharia za usimamizi nilisoma nikafaulu nikasahau. Lakini Takwimu! Mhadhiri wetu hakutaka tukariri kanuni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kila mtu alete tarakimu za mahali anapofanya kazi. Mimi nikachukua daftari la dukani, nikaandika mifuko ya saruji iliyouzwa kila wiki kwa miezi kadhaa, nikatafuta wastani, nikatafuta mkengeuko. Ikaonekana wazi kwamba tuliagiza saruji kwa kuangalia wastani peke yake, wakati mauzo ya mvua za masika huanguka mbali chini ya huo wastani, na saruji iliyolala stoo kwenye unyevu inaganda. Bosi alipoona jedwali alikaa nalo kimya, kisha akaniita tulipitie upya. Mpaka leo oda zetu zinapangwa kwa jedwali lile.

Usiku mmoja nilimuuliza mhadhiri kwenye ukurasa wa darasa kwa nini tunapotafuta mkengeuko wa sampuli tunagawanya kwa n kutoa moja badala ya n yenyewe, n ikiwa ni idadi ya tarakimu ulizonazo. Wengi wangejibu tu kwamba kanuni ndivyo ilivyo. Yeye alirekodi video fupi, mkono wake na karatasi, akaeleza kwamba wastani tunaoutumia tumeutoa kwenye sampuli ile ile, kwa hiyo tarakimu zetu zimeukaribia kuliko zinavyoukaribia wastani wa kweli wa watu wote. Umbali unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Kugawanya kwa namba iliyopungua moja kunaurudishia kile kilichopotea. Niliitazama video ile taa zikiwa zimepotea Luanda nzima, simu ikiwa na chaji kidogo, na nikaelewa kitu ambacho shuleni tulikipita tukikimbia. Hilo ndilo somo ambalo "halisomwi kwa simu".

Halafu mtihani wake wala haukufanyiwa kwenye simu. Tulikaa ukumbini, kitambulisho mezani, simu zimeachwa mlangoni, wasimamizi wanapita katikati ya viti. Tofauti yangu na kijana aliyekaa darasani muhula mzima ni njia tu ambayo maelezo yalimfikia kila mmoja. Karatasi ya mtihani tuliifanya kwa saa zile zile.

Na hili la kudharau masomo ya mbali linanishangaza kwa sababu si jambo la jana. University of London iliruhusu watu wafanye mitihani yake ya digrii bila kuhudhuria madarasa tangu 1858. Mandela alisoma sheria kwa njia ya posta akiwa mfungwa, na digrii yake ya sheria kutoka UNISA, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, aliipata 1989 akiwa bado kifungoni. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha walimu digrii kwa njia ya mbali 1986. Mwaka 2023 serikali ikatoa hati kwa Chuo Kikuu Huria cha Kenya kule Konza, chuo kilichoundwa hasa kwa kufundishia mtandaoni. Na Machi 2020 corona ilipofunga vyuo vyote, si hata nyinyi wa dirisha lile mlihamia mtandaoni? Wanafunzi wenu wa mwaka ule waliosoma Takwimu kwa simu mbona mliwahesabia? Swali hili nilimuuliza mkuu wa idara ana kwa ana. Akaniambia ile ilikuwa dharura.

Dharura! Kwa hiyo somo linakuwa halali likiwa limelazimishwa, na likichaguliwa na mama anayefanya kazi mchana na kusoma usiku linakuwa batili.

Sheria nimeisoma, kwa sababu ukizungushwa vya kutosha unalazimika kuisoma. Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ile CUE, kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Miongozo yake inaruhusu mwanafunzi kuhamisha krediti kutoka chuo kinachotambuliwa, mradi zisizidi asilimia 49 ya masomo ya msingi ya programu anayoingia. Ina maana zaidi ya nusu lazima usomee kwao, na hilo ni haki, kwa sababu wao ndio watakaoweka jina kwenye cheti. Mimi niliomba chini ya kiwango hicho. Chuo changu cha kwanza kinatambuliwa. Ngazi ni ile ile ya digrii, ambayo kwenye mfumo wa taifa wa sifa wenye ngazi 1 hadi 10 ni ngazi ya 7. Katika miongozo hiyo hakuna mahali nilipoona kwamba somo lililofundishwa mtandaoni lipunguziwe thamani.

Sasa hapa lazima niwe mkweli, maana chuo kile si dirisha moja tu. Baada ya kupigwa danadana kati ya idara na ofisi ya usajili, nilielekezwa kwa dada mmoja wa ofisi ya mitihani, ghorofa ya juu kabisa. Nilipoingia alisimama. Akanivutia kiti, akaniuliza nimetoka wapi, nikasema Luanda, akasema, "Pole na safari, dada. Tuanze mwanzo." Akachukua mihtasari yangu na kalamu ya risasi, akapitia mada moja moja, akanijazia fomu ya masomo mengine yote na kunipa barua iliyotiwa sahihi siku hiyo hiyo, kila somo na msimbo wake. Alikuwa hajala chakula cha mchana, nililiona bakuli lake limefunikwa mezani. Nikashuka ngazi zile nimepona kabisa. Kama ningeandika jioni ile, mngesoma sifa tupu na kuambiwa mkimbie mkajiunge.

Na hata sasa, masomo yao yenyewe ni mazuri. Vipindi vinarekodiwa, bando haliliwi sana, wahadhiri wawili watatu wanajibu upesi, na kituo cha mtihani kiko umbali wa matatu moja kutoka kwangu. Nikimaliza kazi Jumamosi mchana nafika. Kwa mtu wa Vihiga, Siaya au Kakamega anayeanza mwaka wa kwanza bila krediti za kuhamisha, siwezi kumwambia asiende. Aende. Atafurahi.

Lakini Takwimu yule dada hakuweza kuigusa, kwa sababu mkuu wa idara alikuwa tayari ameithibitisha ile laini nyekundu. Jibu lililokuja kwenye potali lilikuwa neno moja: halijakubaliwa. Sababu hakuna. Na kwa kuwa Takwimu za Biashara ndiyo mlango wa kuingia masomo ya utafiti na uchumi wa mwaka wa tatu, potali imenifungia hayo pia. Nikibonyeza kujisajili inanirudisha nianze Takwimu upya, na kulipa upya. Pesa ya somo moja kwao ni chakula cha nyumbani kwangu kwa mwezi. Nilipe nikafundishwe wastani wa kitabu kile kile, mtihani ule ule, kwa mtandao ule ule! Maana hili ndilo linalonikata maini zaidi: wao wenyewe Takwimu wanaifundisha mtandaoni. Nimeuona mpangilio wa muhula. Video, kazi za kila wiki, mtihani wa kukaa Kisumu. Yaani kwa simu yangu hii hii.

Kwa hiyo kama ulikuwa umeanza kulainika uliposoma habari za yule dada, rudi nami kwenye sentensi za mwanzo. Usihamishie krediti zako pale kabla hujapata barua inayotaja kila somo kwa msimbo wake, na uipate kabla hujalipa shilingi hata moja ya karo. Barua ya jumla inayosema tu umekubaliwa haitakusaidia mbele ya rula. Beba muhtasari wa kila somo wenye muhuri wa chuo ulikotoka kila ukurasa, na ukiambiwa hapana, usiondoke dirishani bila kuomba sababu iandikwe. Kifungu cha 47 cha katiba kinampa haki ya sababu za maandishi mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala, na Sheria ya Haki katika Hatua za Kiutawala ya 2015 imeeleza namna ya kuziomba. Wengi wetu tunaondoka kwa aibu kwa sababu foleni imecheka.

Mimi nimeandika barua ya rufaa kwa msajili, nakala kwa CUE, nimeambatisha mihtasari yote miwili na jedwali langu la saruji. Nilipoipeleka mapokezi niliwaomba wanigongee muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, wakagonga. Usajili wa muhula unakaribia kufungwa na bado hawajajibu. Sitailipia Takwimu mara ya pili mpaka mtu mwenye cheo pale aniandikie ni mada gani ambayo sikuisoma.