Kanda za Unguja na kanda za Toronto: huduma ya kuhamisha VHS kwenye DVD

Mwezi uliopita nilipeleka kanda tano za VHS kwenye duka moja la Darajani, Unguja, ili zihamishiwe kwenye DVD. Tatu ni za harusi ya dada yangu, iliyofanyika hapa hapa mwaka 1996, na mbili ni za shangazi anayeishi Toronto, ambaye miaka hiyo alikuwa akiwarekodi wanawe kila Idi na kututumia. Bei ilikuwa shilingi 15,000 kwa kanda.

Kwa kanda za harusi sina malalamiko makubwa. Moja ilikuwa imeota ukungu, ule unaoonekana kama unga mweupe kwenye kidirisha cha kaseti, na fundi hakuthubutu kuitia kwenye deki. Alifungua skrubu zake tano, akautoa utepe, akaufuta polepole na kuuhamishia kwenye kaseti nyingine safi. Kwa hilo nampa sifa zake, kwani ukungu ukifika kwenye vichwa vya deki huhamia hadi kwenye kanda za mteja anayefuata. Kasoro ni kwamba kanda ya saa tatu aliibana yote kwenye diski moja, na kwenye ngoma ya usiku picha imevunjika vipande vipande. Ingegawanywa kwenye diski mbili.

Tabu hasa ilikuwa kwenye kanda za shangazi. Diski zilitoka na picha isiyo na rangi, inayopanda juu bila kutulia. "Dada, kanda hizi zimeharibikia huko huko zilikotoka," fundi aliniambia, akaitia moja kwenye deki ili nijionee. Lakini kwenye televisheni yake ya chogo rangi zote zilikuwepo, hata maua ya kwenye keki. Kanda, basi, ilikuwa nzima. Kanada ilitumia mfumo wa televisheni wa NTSC, wenye mistari 525 na takriban picha 30 kwa sekunde, ilhali sisi tulitumia PAL, wenye mistari 625 na picha 25. Deki nyingi za kwetu huweza kuicheza kanda ya NTSC, ila hutoa mawimbi ya mseto, nusu NTSC nusu PAL, ambayo televisheni huyapokea, na kompyuta iliyopangiwa PAL huyakoroga.

Baada ya mabishano mafupi aliazima deki ya mifumo mingi, akaipanga pamoja na kompyuta kwa NTSC, na kazi ya pili, ambayo hakunitoza, imetoka safi. Alitaka pia kuigeuza iwe PAL, nikakataa: kupunguza picha 30 hadi 25 hulazimu nyingine ziachwe au zichanganywe, na mtu akitembea huonekana kama anajikwaa, wakati mashine za DVD zinazouzwa kwetu kwa kawaida husoma diski za NTSC bila shida.

Nakala ya harusi ya kumpelekea shangazi ndiyo niliyokubali igeuzwe, kwa kuwa mashine nyingi za Amerika Kaskazini hukataa diski ya PAL. Mwendo umepoteza ulaini kidogo, lakini unatazamika. Nitarudi dukani hapo na kanda zilizobaki, na safari hii nitaandika PAL au NTSC kwa kalamu nene juu ya kila kaseti kabla sijamkabidhi.