Vani ya familia ya kutembea na kulala: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho kwa mnunuzi wa Mombasa

Watu wengi wanaotafuta vani ya mtumba ya kugeuza iwe ya matembezi na ya kulala huanza kwa kupima kitanda. Mimi nawaomba waanze na viti. Hesabu kazi za gari hilo kwa mwaka mzima: litapeleka watoto shule, litakwenda Kongowea kuchukua mboga na matunda, litampeleka nyanya wa watoto hadi harusini Malindi, na Jumapili litaegeshwa Jumba la Mtwana au Nyali watu washuke pwani. Usiku wa kulala ndani utakuwa wa likizo ya Agosti, wa Disemba, labda na wa Idi. Kwa hiyo gari lenye kitanda kizuri lakini lisilo na kiti salama cha kila mtoto halifai kuitwa la familia, hata likiwa na friji na jiko.

Kwa kipimo hicho, orodha yangu haianzi na Toyota HiAce inayogombaniwa na wengi.

1. Toyota Noah au Voxy

Ni gari moja lenye sura mbili. Toleo lililotoka 2014, lenye urefu wa karibu mita 4.7, lina injini ya petroli ya lita 2.0 au ile ya haibridi ya lita 1.8. Lina viti saba au vinane vinavyotazama mbele, kila kimoja na mkanda wake, na milango ya kuteleza pande zote mbili. Vioo vya milango hiyo hufunguka, jambo ambalo wakati wa kaskazi lina thamani kuliko feni.

Kulala ndani kunahitaji fundi seremala tu. Unatengeneza kasha la mbao linaloingia nyuma baada ya viti vya mwisho kukunjwa pembeni, na juu yake mbao mbili zenye bawaba zinazofunguka hadi juu ya kiti cha kati kilicholazwa. Juu unatandika godoro gumu la vipande vitatu. Jumatatu unatoa kasha, unaliweka nyumbani, watoto wanarudi kwenye viti vyao. Hujakata bati wala hujang'oa kiti, na gari limebaki vile lilivyoandikwa kwenye kitabu chake.

Ubaya wake ni kwamba liko chini na kwa kawaida linavutwa na magurudumu ya mbele. Barabara ya Shimba Hills wakati wa mvua ya masika si yake. Gia yake ni ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua, kwa hiyo muulize muuzaji mafuta ya gia yalibadilishwa lini, na uliendeshe mpaka lipate moto kabla ya kutoa pesa. Likisita au kutetemeka linapoanza kwenda, liache.

2. Nissan Caravan NV350 ya viti vitano

Hii ni ya familia ya watu wanne wanaotoka mara kwa mara, hasa kuelekea Voi na Tsavo. Urefu wake ni kama wa Noah, ila injini imekaa chini ya viti vya mbele, hivyo nyuma kunabaki sakafu ndefu iliyonyooka. Kiti cha nyuma kikikunjwa, mtu mzima ananyoosha miguu bila shida. Ukiinua kitanda juu ya matao ya magurudumu, godoro la futi 4 kwa 6 linakaa vizuri na chini yake pana nafasi ya mizigo.

Nimeiweka mbele ya HiAce kwa sababu ya soko. HiAce inagombaniwa na wenye matatu na wenye kampuni za watalii, na bei yake inabeba biashara ambayo wewe hutaifanya. NV350 nayo inafanya kazi ya matatu nchini, kwa hiyo spea zipo na mafundi wanaijua.

Kuna ya petroli na ya dizeli. Kama safari zako nyingi ni za ndani ya kisiwa, za kilomita chache asubuhi na jioni, chukua ya petroli. Dizeli za Kijapani za miaka hii zina chujio la moshi ambalo linahitaji mwendo mrefu ili lijichome na kujisafisha. Foleni za Buxton hazilipatii nafasi hiyo, na likiziba matengenezo yake ni ghali.

Kagua vioo vya nyuma kabla ya kuipenda, kwa maana vani nyingi za mizigo vioo vyake havifunguki. Kagua pia kiti cha nyuma. Kuna matoleo ya bei ya chini yenye benchi jembamba lisilo na pa kuegemeza kichwa, na mkanda wake ni wa kiunoni tu. Hilo si la mtoto.

3. Toyota HiAce

Ni gari imara na linauzika siku yoyote. Ukiwa na pesa na unataka kukaa nalo miaka mingi, hutajuta. Yote niliyosema juu ya kiti, vioo na dizeli ya NV350 yanalihusu pia. Lile refu lenye paa la juu, la karibu mita 5.4 na upana wa mita 1.88, sikushauri kulinunua ukiwa unaishi Mji wa Kale, Majengo au Bondeni. Utalala vizuri safarini, kisha mwaka mzima utatafuta pa kuegesha.

4. Toyota TownAce au LiteAce

Ni ndogo, mita 4 na kidogo, yenye injini ya lita 1.5. Sakafu ya mizigo ni ya mita 2 hivi. Inawatosha mume na mke, au mzazi na mtoto mmoja. Hainywi sana na inapita vichochoroni. Kwa familia kubwa, hapana.

5. Mazda Bongo na Nissan Vanette

Hizi ni gari moja lililouzwa kwa majina tofauti. Ni rahisi na kila makanika anazijua, lakini nyingi zilizoko mjini zimeshabeba simiti, soda na samaki. Nunua tu kama umeiona chini kwa macho yako.

Ya mwisho: matatu iliyostaafu

Bei yake inavutia, na dalali atakwambia, "Kaka, injini imefunguliwa juzi, haijawahi kusumbua." Huenda anasema kweli. Shida ni kwamba injini hununuliwa, bodi iliyochoka haiunduki tena. Matatu ya Mtwapa au Ukunda imefungua mlango wake maelfu ya mara, viti vimechomelewa na kung'olewa, na sakafu imetobolewa kila mahali. Utapaka rangi, utaweka mbao, na mvua ya kwanza ya Mei itakuonyesha matundu yote.

Kutu, kabla ya kitu kingine chochote

Gari la mtumba la Mombasa linaweza kuwa na kutu ya aina mbili. Kuna inayotoka Japani, hasa mikoa ya kaskazini kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Hiyo hushambulia chini ya gari. Na kuna ya kwetu, ya upepo wa bahari, inayoanzia kwenye mikunjo ya bati, mifereji ya paa na kingo za kioo cha mbele. Gari linaweza kuwa na zote mbili na bado likang'aa kwenye yadi.

Nenda mchana, na fundi wa bodi, si makanika peke yake. Inua mkeka wa mbele na wa nyuma. Vuta mlango wa kuteleza mpaka mwisho, utazame reli yake ya chini. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa juu ya matao ya magurudumu ya nyuma na kizingiti cha mlango; mahali isiposhika pana puti badala ya bati. Lala chini utazame sehemu za kuwekea jeki na viungo vya springi. Ukikuta rangi nyeusi mbichi imepakwa chini kote, uliza ilipakwa lini na kwa nini. Kisha vuta kila mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Ukiona tope au alama ya maji kwenye utepe, gari hilo limewahi kuzama.

Ukaguzi huu unachukua saa moja, na muuzaji mwenye gari zuri hatakunyima.

Kuagiza au kununua yadi

Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, kisha unaongezewa ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16, na KRA, mamlaka ya mapato, hukadiria thamani kwa orodha yake yenyewe, si kwa bei uliyolipa Japani. Piga hesabu hiyo kwanza, kisha uilinganishe na bei ya yadi za Ganjoni na Shimanzi. Kuagiza kunakupa karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari huko Japani, yenye maelezo ya kutu. Yadi inakupa gari la kugusa kwa mkono.

Kwa gari lililoshasajiliwa hapa, tafuta rekodi yake kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen. Jina la benki au kampuni ya mikopo likiwa pamoja na la muuzaji, deni halijaisha. Usilipe hata arubuni.

Kugeuza kwenyewe

Hapa ndipo nina neno zito. Mafundi wengi watakupendekezea kung'oa viti na kuweka mabenchi ya pembeni, watu watazamane kama sebuleni. Gari likiwa limeegeshwa, raha tupu. Gari likiwa barabara ya Nairobi na trela mbele, mtoto aliyekaa kando bila mkanda wa kumshika kifuani hana kinga yoyote. Vilevile kiti cha paipu za mraba kilichofungwa kwa bolti kwenye bati la sakafu kitang'oka siku ya ajali. Bakiza viti vya kiwandani, kwenye matundu yake ya kiwandani, na ujenge kila kitu kingine kukizunguka kiti.

Ukibadilisha idadi ya viti, aina ya bodi au rangi, unatakiwa kuipeleka habari hiyo NTSA ili rekodi ilingane na gari. Bima nayo iambiwe, la sivyo itakuwa na sababu ya kukataa kulipa.

Kwa mbao tumia plaiwudi ya marini, ile inayostahimili maji. Chini ya bati la paa weka sponji isiyonyonya maji, na uachane na pamba ya kioo, kwani hewa ya pwani itaijaza unyevu na bati litaoza kimyakimya. Paa nyeupe husaidia. Tundu la paa la feni sikulipendekezi. Kila tundu ni mlango wa maji. Wavu wa mbu wa sumaku kwenye vioo, feni mbili ndogo za volti 12 na pazia la kanga vinatosha.

Umeme: betri moja ya lithiamu ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa) inaendesha friji ndogo ya kompresa, taa na feni kwa takriban usiku mmoja au miwili, na paneli ya wati 100 hadi 200 inarefusha muda huo. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, na kazi hiyo apewe fundi waya wa magari.

Jiko likae nyuma, chini ya mlango uliofunguliwa juu, litumike nje. Gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani hutuama sakafuni, pale wanapolala watoto. Jiko la makaa lisiingie garini kamwe, hata likionekana limezimika.

Na hakuna hata moja kati ya gari hizi linalolaza watu watano. Nunua hema la watoto, lifungwe ubavuni. Pale Ndololo, ndani ya Tsavo Mashariki karibu na lango la Voi, usiku una ubaridi kuliko pwani, ila wanyama hupita, kwa hiyo huko watoto walale ndani na wakubwa wabanane viti vya mbele. Ukielekea Diani au Msambweni, barabara ya Dongo Kundu inakuepusha na foleni ya feri ya Likoni, na unafika mapema kuchagua kivuli.

Piga picha kila hatua ya kazi kabla mbao hazijafunika bati na nyaya. Mthamini wa bima atazitaka, na siku ukiuza, mnunuzi wako naye atataka kuona kilicho chini.