Fundi umeme wa Mikindani aliyekitambua kifaa cha babu

Kama una chuma cha gari la zamani usichojua jina lake, kabla hujakiuza kwa wanunuzi wa skrepa, kipeleke Mikindani kwa mzee mmoja fundi umeme wa magari. Ukitoka Lindi unashuka kabla hujafika Mtwara mjini. Kibanda chake cha mabati kiko chini ya mbuyu, na hana bango. Ulizia "fundi dainamo", bodaboda watakufikisha.

Changu kilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, kimefungwa kipande cha kanga, tangu babu mzaa mama alipofariki. Ni kirefu kuliko kiganja changu pamoja na vidole, chembamba, kizito upande mmoja kwa sababu ya koili ya waya wa shaba. Upande wa pili kuna mkono wa bati uliolala kama kisu ndani ya ala. Ukiuinua kwa ukucha unaona plastiki ya rangi ya chungwa. Maandishi hayakusomeka kabisa, grisi ilikuwa imeganda juu yake kama lami.

Nilihangaika nacho miezi. Lindi, duka moja la spea waliniambia ni kitasa cha pikapu. Dar, Gerezani, kijana mmoja akasema ni waipa, na akataka kukiunganisha na betri palepale ili anioneshe. Nilikinyakua mkononi mwake. Mnunuzi wa skrepa hakukipa jina lolote, alikipima tu kwa mkono akanitajia bei ya shaba.

Mzee wa Mikindani alinipokea tofauti. Tulipomaliza shikamoo na marahaba, akakiweka juu ya gunia, hakukigusa tena kwa muda. Akaniuliza: kilitoka gari gani? Kilikaa wima au kimelala? Kilikuwa kimoja au viwili? Sikuwa na jibu hata moja. Akasema, "Basi, mwanangu, tukiulize chenyewe."

Alichukua mswaki uliochakaa na mafuta ya taa. Nilikuwa nimebeba msasa kwenye mkoba, nikampa, akaurudisha: "Ukipiga msasa unafuta jina lake." Akasugua taratibu, anafuta kwa kitambaa, anasugua tena. Kwanza ikatoka LUCAS, kampuni ya Kiingereza ya vifaa vya umeme wa magari. Baadaye kidogo SF80, namba ya modeli, kisha 12V. Akafungua skrubu moja, akajaribu nati ya kawaida, ile ya spana namba 8. Iliingia lakini ikawa inachezacheza. Akatafuta nyingine kwenye kopo lake, akaizungusha kwa vidole viwili, ikakaa kimya. "Hii ni BA, nati ya Mwingereza. Hakuna aliyebadilisha kitu humu." Ndipo akachukua mita yake ya mshale. Koili ilikuwa nzima. Waya mwembamba unaokwenda kwenye balbu ndiyo ulikuwa umekatika, pale hasa mkono unapojikunja.

"Huu ni mkono wa indiketa," akasema.

Mimi nimekulia kwenye taa za kuwaka na kuzima, sikuwahi kufikiri kwamba gari liliwahi kunyoosha mkono. Alinichorea mchangani. Kifaa kinakaa wima ndani ya nguzo ya pembeni, nyuma ya mlango wa mbele, kimoja kila upande. Dereva akiwasha swichi, koili inakuwa sumaku, inavuta kipande cha chuma kilicho katikati yake, na kile chuma kinauinua mkono utoke nje ya nguzo huku balbu ikiwaka ndani ya ile plastiki. Umeme ukikatwa, mkono unaanguka kwa uzito wake na kurudi kwenye ala. Morris Minor, gari lililotoka Uingereza 1948, lilifungwa mikono hii mpaka 1961, na magari mengine ya Kiingereza ya miaka hiyo yalikuwa nayo pia.

Kilichonifanya nimwamini ni hiki: hakusema gari la babu lilikuwa Morris. Alisema, "Niletee picha."

Nikarudi Lindi. Kwenye albamu ya mama kuna picha moja ya babu, aliyekuwa karani bandarini Mtwara, ile bandari iliyojengwa kwa sababu ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Ameegemea gari dogo la mviringo, mama ni mtoto, amekalishwa juu ya boneti. Mzee hatumii simu ya kupokea picha, kwa hiyo niliibeba yenyewe. Aliitazama kwa lensi, akaniita nisogee. Nyuma ya mlango kulikuwa na mstari mweusi, wima, mwembamba kama njiti ya kiberiti. Kioo cha mbele kilikuwa vipande viwili vilivyokutana katikati. "Sasa nasema. Ni Minor, tena kabla ya Minor 1000. Ile ilikuja 1956 na kioo kimoja."

Nilipomsimulia mama, alinyamaza kidogo. Akasema anakumbuka babu akifika kwenye kona alikuwa anapiga nguzo ya mlango kwa ngumi, naye miaka yote alidhani baba yake alikuwa na hasira. Nilimrudishia mzee habari hiyo. Akacheka sana: mikono ilikuwa inakwama kwa vumbi, kila dereva alikuwa anagonga.

Kutambua alinitoza shilingi 10,000, na asingejua asingechukua kitu, alinieleza hivyo mwanzoni. Matengenezo 20,000: waya mpya aliouchomelea kwa lehemu, balbu ya ncha mbili aliyoitoa kwenye taa ya ndani ya gari jingine, na tone la mafuta ya cherehani kwenye ekseli. Hatoi risiti, na hilo linasumbua kama unahitaji hesabu. Ijumaa mchana hafungui. Anafanya kazi polepole, mimi nilisafiri mara tatu, na Lindi mpaka kule na kurudi si nauli ndogo, kwa hiyo beba picha na kila kitu ulicho nacho safari ya kwanza. Umeme wa magari ya kisasa hagusi, na injini atakuelekeza kwa mwingine. Nampa nyota tano hata hivyo, maana waliokuwa wepesi wa kujibu nusura waniunguzie koili.

Nilikifunga kifaa juu ya ubao, nikaweka swichi na betri ya bodaboda, nikampelekea mama barazani. Akabonyeza. Tak, mkono ukapanda, rangi ya chungwa ikawaka. Akabonyeza tena. Mara ya tatu ulikwama katikati. Kabla sijainuka, mama alishaupiga ubao kwa ngumi, na mkono ukamalizia kupanda.