Pampu ya kupima presha ya rejeta: miezi minne na gari la kukimbizwa uwanjani

Pampu hii ya mkono huja ndani ya sanduku gumu la plastiki, ikiwa na geji, mpira wa urefu wa karibu nusu mita, na adapta za rangi mbalimbali zinazofungwa mahali pa mfuniko wa rejeta. Niliinunua Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kwa shilingi 8,500, na tangu wakati huo nimeitumia kwa miezi minne kwenye Subaru Impreza yenye turbo, ambayo siku za kazi hunipeleka ofisini na mara moja au mbili kwa mwezi hukimbizwa kwenye njia fupi ya lami huko Athi River. Pampu za namna hii huuzwa kwa majina mengi na hufanana karibu kila kitu, kwa hiyo nitakayoyasema yanahusu aina ya kifaa zaidi kuliko nembo iliyobandikwa juu ya sanduku.

Kilichonifanya niinunue ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini, iliyokuwa ikipotea bila kuonekana inakokwenda. Baada ya kila awamu ya dakika 15 uwanjani, injini ikishapoa, nililazimika kuongeza karibu nusu lita, ilhali gari likitumika mjini wiki nzima kiwango hakikushuka. Sakafuni hapakuwa na tone hata moja. Harufu tamu ya kulanti ilisikika kwa dakika chache baada ya kuzima injini, kisha ikatoweka. Fundi wa kwanza aliyeliona gari alisema papo hapo kwamba gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na silinda, imekwisha, akaanza kunipigia hesabu ya kushusha injini, kwa kuwa silinda za injini hii zimelala pande mbili na kufungua hedi zake ikiwa bado ndani ya gari ni taabu kubwa. Wa pili alinishauri nitoe thamostati, vali inayodhibiti joto la maji ya injini, ushauri ambao hutolewa mno katika gereji zetu na ambao haujawahi kuziba tundu lolote. Kuitoa huchelewesha tu injini kupata joto linalotakiwa. Siwalaumu kwa kukisia gasketi, maana dalili zinafanana kweli. Lakini kushusha injini kwa kukisia, wakati kuna kifaa cha kupimia ambacho bei yake haifikii hata ujira wa kazi hiyo, ni jambo ambalo mwenye gari hana budi kulikataa.

Presha ndiyo roho ya mfumo wa kupozea injini, na sisi tunaokaa kwenye miinuko tunaitegemea zaidi kuliko watu wa pwani. Athi River iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo maji matupu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Mfuniko usio na kasoro wa baa 1.1 (baa ni kipimo cha presha) hupandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 119. Lakini mfumo ukivuja na kubaki na nusu baa tu, maji yale yale huanza kuchemka kwenye nyuzi 108. Gari la mjini linaweza kuishi na upungufu huo miaka bila dereva kujua. Gari linalozungushwa kwa mizunguko mikubwa ya injini chini ya jua la mchana halina nafasi hiyo, kwa sababu maji yakianza kuchemka karibu na vyumba vya moto ndani ya hedi, mapovu ya mvuke huzuia chuma kupoa, na tundu dogo la mpira wa bei ndogo huishia kuiua gasketi iliyokuwa nzima. Mambo huwa magumu zaidi kwa sababu waandaaji wengi wa mbio za viwanjani hukataza kulanti yenye glaikoli, kemikali inayochanganywa na maji ya injini, ambayo ikimwagika huifanya lami iteleze kama imepakwa sabuni. Anayetumia maji na dawa ya kuzuia kutu pekee hupoteza zile nyuzi chache za ziada ambazo glaikoli humpa, na presha ndiyo pekee inayobaki kumlinda.

Matumizi yenyewe ni rahisi. Injini ikiwa baridi kabisa, unafungua mfuniko, unajaza mfumo hadi ukingoni, unafunga adapta inayolingana, kisha unapampu hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, bila kukizidisha. Mwenye Impreza ya turbo aangalie kwamba mfuniko unaohusika ni ule wa tangi dogo lililo juu ya injini, si ule wa kwenye rejeta. Kisha unasubiri. Karatasi ya maelekezo inasema dakika mbili zinatosha. Kwa gari la uwanjani hazitoshi hata kidogo. Uvujaji wangu haukuonekana ndani ya dakika mbili wala tano. Baada ya dakika 20 sindano ilikuwa imeshuka kutoka baa 1.1 hadi 0.9, na hapo ndipo nilipokutana na kasoro kubwa ya kifaa chenyewe: nilipopaka povu la sabuni kwenye kiungo kinachounganisha mpira na adapta, povu lilivimba. Pampu ya kupimia uvujaji ilikuwa ikivuja yenyewe. Nilibadilisha ringi ndogo ya mpira ndani ya kiungo, nikarudia, na safari hii ilichukua dakika 40 kushuka hadi baa 1.0. Anayenunua kifaa hiki apake povu kwenye viungo vyake vyote kabla ya kuamini chochote ambacho geji inamwambia, kwani mtu angeweza kulifungua gari zima akitafuta tundu lililoko kwenye kipimo.

Sasa nilijua kwamba mfumo unavuja na kwamba unavuja polepole, lakini bado sikuona tone. Geji haikuambii ni wapi. Nilitia rangi ya kung'aa kwenye kulanti, nikaenda awamu moja uwanjani, na jioni, injini ikiwa imepoa, nikapampu tena na kumulika kwa taa ya urujuanimno gizani. Mstari wa kijani ulitokea kwenye ncha ya mpira mwembamba unaorudisha maji kutoka kwenye turbo kwenda kwenye lile tangi dogo. Mpira huo umekaa juu ya chuma chenye joto kali kuliko chote ndani ya boneti. Kwa umri wa gari, ambalo limepita miaka 20, ncha yake ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama ubao, na klipu haikuweza tena kuubana. Kulanti ilikuwa ikitiririka kwenye kinga ya joto ya turbo na kugeuka mvuke kabla ya kufika chini, na ndiyo maana sakafu ilikuwa kavu na harufu ilidumu dakika chache tu. Mjini presha haikufika kiwango cha kuusukuma mpira ule. Uwanjani ilifika kila mara.

Hata baada ya kuuona mstari ule sikuridhika, kwa sababu gari linaweza kuwa na uvujaji wa aina mbili kwa wakati mmoja. Niliazima kipimo cha dawa ya buluu, kile kinachovuta hewa kutoka kwenye shingo ya tangi na kugeuka manjano kikikutana na gesi iliyoungua ndani ya silinda. Nilikitumia mara mbili, asubuhi gari likiwa halijatembea sana, na tena mara tu baada ya kutoka uwanjani na kulisubiri lipoe kiasi cha kufunguka salama, kwa kuwa gasketi iliyoanza kuchoka huweza kupitisha gesi pale tu injini inapobeba mzigo. Dawa ilibaki buluu mara zote mbili. Niliongeza kipimo kimoja zaidi: nilipampu jioni, nikaliacha gari hadi asubuhi, nikatoa plagi zote nne. Silinda zote zilikuwa kavu. Hapo ndipo nilipompigia simu yule fundi wa kwanza kumwambia kwamba injini haishuki.

Naomba hili lichukuliwe kwa uzito: mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto, hata mtu akiwa na haraka kati ya awamu mbili. Subiri hadi uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja bila kuuachia.

Kasoro nyingine za kifaa ni ndogo. Geji inasoma hadi baa 2.5, kwa hiyo mshuko mdogo ni vigumu kuuona. Mimi huweka alama kwa kalamu juu ya kioo pale sindano iliposimama. Sanduku langu halikuwa na adapta za matangi yenye mifuniko ya kuzungusha ambayo magari mengi ya Ulaya hutumia, na mwenye gari la namna hiyo aulize kabla ya kulipa. Kwa upande mwingine, adapta ya kupimia mfuniko wenyewe imenifaa kuliko nilivyotazamia. Rafiki yangu mmoja alikuwa akihangaika na maji yanayofurika kwenye chupa ya akiba, na tulipouweka mfuniko wake kwenye pampu uliachia kwenye baa 0.6, ilhali umeandikwa 1.1. Alinunua mpya, na tatizo lake likaisha siku hiyo hiyo.

Kwa bei niliyolipa ninakipendekeza bila kusita kwa yeyote anayelikimbiza gari lake, mradi akipime chenyewe kwanza na awe na subira ya saa nzima. Baada ya kubadilisha ule mpira na klipu zake mbili, sindano ilikaa kwenye alama ya kalamu kwa saa nzima bila kusogea. Nimekwenda uwanjani mara mbili tangu hapo, na kila injini inapopoa kulanti hurudi kwenye mstari niliouchora ubavuni mwa chupa ya akiba. Kipimo hiki sasa nakifanya kila Ijumaa jioni kabla ya siku ya uwanja, nikiwa nakagua breki na upepo wa magurudumu wakati sindano ikisubiri, na ikishuka chini ya alama gari linabaki nyumbani.