Tovuti ya Mbunifu wa Grafiki Asiyejua Kuandika Msimbo: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Mbunifu wa grafiki anayejitegemea Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi kwa kawaida hupata wateja wake kupitia Instagram na WhatsApp, na kwa kazi za kadi za harusi, mabango na vipeperushi njia hizo humtosha kabisa. Hali hubadilika pale hoteli, shirika au kampuni inapotafuta mtu wa kuitengenezea utambulisho mzima wa chapa, kwa sababu meneja wa masoko anayelinganisha wabunifu watatu hataki kupekua picha zilizochanganyika na salamu za sikukuu. Anataka kuona kazi chache zilizoelezwa vizuri, jina la aliyezifanya na njia ya kumpata. Hapo ndipo tovuti inapolipa gharama yake, na huduma za kuijenga bila kuandika msimbo hata mstari mmoja sasa ni nyingi mno kiasi kwamba ugumu umehamia kwenye kuchagua.

Nimezipanga hapa kuanzia ninayoipendekeza zaidi, nikitazama mambo matatu: kazi ionekane vizuri kwenye simu ya mteja, gharama ya mwaka ilipike hata miezi ambayo kazi zimekauka, na mbunifu aweze kuhama bila kupoteza anwani yake.

Kwanza kabisa, jina la kikoa

Kabla ya kuchagua huduma yoyote, nunua jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti yako, na ulinunue peke yake badala ya kulipokea kama zawadi ndani ya kifurushi. Biashara hutumia .co.tz au .co.ke, na mtu binafsi anaweza kuchukua .me.tz au .me.ke, majina haya huuzwa na mawakala wa hapa nyumbani ambao wengi wao hupokea malipo kwa shilingi kupitia simu. Jina likiwa lako, unaweza kulielekeza kwenye huduma yoyote kati ya zilizotajwa hapa chini, na ukiichoka huduma hiyo mwakani utalielekeza kwingine, huku kadi zako za biashara zikibaki na anwani ileile.

Ukimtuma mtu akusajilie, simama naye wakati wa kujaza fomu. Sehemu ya mmiliki iandikwe jina lako, na barua pepe iwe unayoifungua wewe mwenyewe, kwa sababu taarifa za kulipia upya zitakwenda huko na mwenye barua pepe hiyo ndiye atakayeweza kulihamisha jina. Kuna wabunifu ambao anwani zao zimesajiliwa kwa jina la fundi aliyewajengea tovuti, na siku fundi huyo asipopokea simu, hawana la kufanya.

1. Adobe Portfolio, kwa anayelipia Creative Cloud

Ikiwa tayari unalipia usajili wa Creative Cloud kwa ajili ya Photoshop au Illustrator, usitafute zaidi. Adobe Portfolio imo ndani ya usajili huo bila malipo ya ziada, inakuruhusu kuwa na tovuti hadi tano, inakubali jina lako la kikoa na inakupa fonti za Adobe Fonts unazozitumia kila siku. Kazi ulizokwisha kuziweka Behance, mtandao wa kuonyeshea kazi za ubunifu ambao Adobe iliununua mwaka 2012, huvutwa moja kwa moja, kwa hiyo kurasa za kazi zinaweza kusimama ndani ya jioni moja.

Violezo vyake ni vichache na havina madoido, jambo ambalo kwa mbunifu ni faida, maana macho ya mteja yanabaki kwenye kazi. Unaweza pia kufunga ukurasa kwa nywila, na hilo ni la lazima kwa yeyote mwenye kazi za wateja ambazo hazijazinduliwa. Upungufu wake ni kwamba haina duka, na usajili ukikatika tovuti nayo huondoka hewani. Asiyelipia Creative Cloud hana sababu ya kuanza kuilipia kwa ajili ya tovuti peke yake.

2. Squarespace, kwa mwenye mapato ya uhakika

Kwa uzuri wa violezo, hasa kurasa za kuonyesha kazi, sijaona huduma inayoizidi Squarespace. Mpangilio wa nafasi, ukubwa wa herufi na namna picha zinavyojipanga kwenye simu vimefikiriwa na watu wanaojua usanifu, na mtu asiye na ujuzi wowote wa msimbo hawezi kuviharibu kwa urahisi. Una siku 14 za kuijaribu, lakini haina mpango wa bure, na mpango wake wa chini umekuwa ukigharimu takribani dola 16 kwa mwezi kwa anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo.

Dola ndilo suala lenyewe. Malipo hukatwa kwenye kadi, na ingawa kadi za Visa za mtandaoni zinazotolewa ndani ya M-Pesa zimerahisisha mambo Kenya na Tanzania, kadi ya namna hiyo huwa na fedha ile tu uliyoiweka. Tarehe ya kulipia upya ikifika salio likiwa pungufu, malipo yanakataliwa, na mteja anaweza kuligundua hilo kabla yako. Anayeichagua Squarespace alipie kwa mwaka, aandike tarehe kwenye kalenda ya simu, na aanze kutenga fedha hiyo miezi miwili kabla.

3. Carrd, kwa anayeanza na fedha kidogo

Ningependa wabunifu vijana wengi zaidi waijue Carrd. Hutengeneza tovuti za ukurasa mmoja, unaweza kujenga tatu bure kwa anwani yao, na mpango unaoruhusu jina lako mwenyewe umekuwa ukigharimu dola 19 kwa mwaka mzima, kiasi ambacho mbunifu anaweza kukirudisha kwa kazi moja ndogo ya nembo. Ukurasa mmoja unatosha kabisa kwa mwenye kazi tano au sita: jina juu, sentensi mbili za unachokifanya, picha za kazi zikifuatana, kisha kitufe cha WhatsApp kinachotumia kiungo cha wa.me chenye namba yako ikianza na 255 au 254 bila alama ya kujumlisha. Mteja akikigusa, mazungumzo yanafunguka pale pale.

Pale utakapotaka kueleza kila kazi kwa kina, tangu michoro ya mwanzo hadi lebo iliyokwisha kuchapwa, ukurasa mmoja utakubana. Kwa kuwa jina la kikoa ni lako, utahama.

4. WordPress kwenye seva ya hapa nyumbani

WordPress ni programu ya kujengea tovuti iliyoanza mwaka 2003, yenyewe ni ya bure, na zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaitumia. Ninayoizungumzia hapa ni ile unayoisakinisha mwenyewe kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, uliyoikodi. Kampuni nyingi za Nairobi na Dar es Salaam hukodisha seva kwa shilingi, hupokea malipo kwa simu, na ukikwama unampigia mtu anayezungumza Kiswahili. Kwa wengi hayo peke yake yanatosha kuipandisha juu. Tovuti nzima ni mali yako, unaweza kuifungasha na kuipeleka kwenye seva nyingine, na unaweza kuongeza duka, makala au fomu ya kuomba bei.

Nimeiweka ya nne kwa sababu ya matunzo. Programu yenyewe, kiolezo na kila programu-jalizi (programu ndogo ya kuongeza uwezo) vinahitaji kusasishwa mara kwa mara, na tovuti iliyoachwa mwaka mzima bila kuguswa ni mlango wazi kwa wadukuzi. Mbunifu asiye tayari kuingia angalau kila baada ya wiki mbili, kusasisha na kuhifadhi nakala ya akiba, achague mojawapo ya tatu za juu. Aliye tayari asijaze programu-jalizi, kwani kila moja huongeza uzito na ni kitu kingine cha kutunza.

5. Wix

Ni rahisi kujifunza na ina mpango wa bure, ila mpango huo hubandika tangazo la Wix juu ya kazi yako na kukupa anwani ya kwao, hali isiyomfaa mtu anayeuza utambulisho wa chapa. Ukishachagua kiolezo huwezi kukibadilisha bila kuanza upya, na tovuti iliyojengwa humo haiwezi kuhamishiwa kwingine.

6. Webflow na Framer

Zote mbili hutoa tovuti za kupendeza sana, na mbunifu aliyezoea Figma, programu ya kubunia kurasa za tovuti na simu, ataipenda Framer haraka. Hata hivyo, Webflow hasa inamtaka mtumiaji aelewe jinsi ukurasa unavyojengwa kwa visanduku vilivyomo ndani ya visanduku, na huo ni ujuzi wa msimbo uliovishwa vitufe. Zisubiri mpaka mteja atakapoanza kukulipa kwa ajili ya kumjengea tovuti yake.

Kuandaa picha, vyovyote utakavyochagua

Wabunifu waliozoea kazi za kuchapa hupakia faili zilizohifadhiwa kwa CMYK, mfumo wa rangi za kuchapa, kisha hushangaa kijani cha nembo kimefifia kwenye kivinjari. Badilisha kila picha iwe sRGB, mfumo wa rangi za skrini, kabla ya kuipakia. Upana wa pikseli 2000 unatosha, na ujitahidi kila picha isizidi kilobaiti 400, kwa JPEG au WebP, kwa kuwa mteja wako huenda anaifungua tovuti akiwa kwenye daladala kwa bando lake mwenyewe. Picha ya nembo iliyochapwa kwenye fulana au mfuko, iliyopigwa mchana karibu na dirisha, humshawishi mteja kuliko nembo ileile ikielea juu ya weupe mtupu.

Tovuti ikishakamilika, zima Wi-Fi, ifungue kwenye simu ya bei ya kawaida kwa data, na uhesabu muda hadi kazi ya kwanza ionekane. Ikizidi sekunde tano, rudi kwenye picha kabla ya kumtumia mtu yeyote kiungo.