Kubadilisha dola Chungking Mansions: foleni iliyumba, bei haikuyumba

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayepitia Hong Kong kabla ya kuvuka kwenda Guangzhou mara nyingi hulala, hula na hubadilisha fedha ndani ya jengo moja, Chungking Mansions, lililopo barabara ya Nathan, Tsim Sha Tsui. Hapa nitazungumzia vibanda vya kubadilishia fedha vya chini tu. Vyumba vya kulala vya juu vinahitaji maelezo yake, na uvumilivu wake.

Usibadilishe mlangoni. Vibanda vinavyotazama barabara vinamngojea mgeni mwenye haraka. Ukizidi kuingia ndani, bei inazidi kuwa ya haki. Haki hiyo inapimika, kwa sababu dola ya Hong Kong imefungwa kwenye dola ya Marekani tangu 1983, na tangu 2005 inatakiwa kubaki kati ya 7.75 na 7.85 kwa dola moja ya Marekani. Ubao ukikuonyesha 7.70, basi senti tano au zaidi za Hong Kong katika kila dola unayouza ni riziki ya mwenye kibanda, ukikuonyesha 7.30, endelea na safari yako. Tena uliza mapema utashika kiasi gani mkononi, maana wapo wanaoandika bei tamu kisha wakakata kamisheni.

Kibanda nilichokitumia kilihesabu fedha mara mbili mbele yangu, kikanipa risiti, na kikanirudishia bila maneno noti moja ya dola mia iliyogongwa muhuri. Noti nilizopewa zilikuwa na sura tofauti, za HSBC, Standard Chartered na Benki ya China, jambo linalomshtua mgeni akadhani amebambikiwa. Zote ni halali: benki hizo haziruhusiwi kutoa noti hizo mpaka zikabidhi dola za Marekani kwa Mamlaka ya Fedha, moja kwa kila 7.80.

Mpango huo ulipata mtihani wake hapo hapo nje. Maandamano ya 2019 yalipita barabara hii, na tarehe 20 Oktoba watu wa jengo hili waligawa maji kwa waandamanaji, siku ambayo gari la polisi lilimwaga maji ya rangi ya buluu kwenye lango la msikiti wa Kowloon, hatua chache tu kutoka hapo. Mei 2020, Beijing ilipotangaza mpango wa sheria ya usalama wa taifa, wakazi walikimbilia vibanda vya namna hii kununua dola za Marekani. Hata hivyo, bei haikutoka nje ya mipaka yake.

Wapo wanaotaja Alibaba, iliyokusanya zaidi ya dola za Marekani bilioni 11 katika soko la hisa la mji huo Novemba 2019, kuwa ushahidi kwamba mambo yalikuwa shwari. Mwenye kibanda hali kwa hisa za Alibaba. Anakula kwa mgeni anayesimama dirishani, na wageni walioingia mjini walishuka kutoka takriban milioni 65 mwaka 2018 hadi milioni 56 mwaka 2019, kabla hata korona haijafunga mipaka.

Nakipa kibanda changu nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu ubao hauonyeshi bei ya kukurudishia dola za Marekani, nami niliijua siku ya kuondoka, begi likiwa tayari begani.